Mkunga Aliyestaafu Kabla ya Kuzaliwa

Kwanza tuelewane: hapa mjini hakuna mtu anayenishinda kupanga kurasa. Wapo wanaojitahidi, nami nawaombea. Wapo wenye vyeti vilivyotiwa fremu na kutundikwa ukutani, nao pia nawaombea. Lakini kwa kasi, kwa jicho na kwa kutokosea, mimi ni mimi. Nilikuwa tayari kulithibitisha hilo mbele ya yeyote, hata mbele ya shangazi yangu, mtu ambaye kumthibitishia jambo ni sawa na kumbembeleza paka aoge.

Shangazi ana kiwanda cha uchapaji. Yeye ndiye anayekiita kiwanda. Macho yanaona vyumba viwili. Cha mbele kina kaunta, benchi la wateja, kompyuta mbili na meza ndefu ya kukunjia. Cha nyuma kina mashine ya kuchapa, kikatio cha karatasi na Fundi, ambaye kwa miaka mingi ya kuishi na mashine amejipatia sauti ya kushindana nayo. Fundi akinong'ona, muuza viatu wa ng'ambo ya barabara anaitika.

Kompyuta ya kwanza iko dirishani, penye mwanga, penye upepo, penye kiti cha magurudumu. Hapo alikaa binamu yangu, kifungua mimba wa Shangazi, ambaye nilimbatiza jina la Kobe kwa sababu za kisayansi. Yeye akanibatiza Redio, kwa sababu ya wivu. Kompyuta ya pili iko pembeni, imepakana na mlango wa choo, na aliyeruhusiwa kuigusa ni mtu asiye na kazi nyingine. Mimi nilikuwa na kazi nyingine. Kazi yangu ilikuwa meza ya kukunjia: kunja, piga pini, kata kingo, kunja tena. Tangu nimalize sekondari nimekunja karatasi mpaka hata shuka langu nyumbani nalikunja nikihesabu kurasa. Nilikitamani kile kiti cha dirishani kama mgonjwa anavyotamani chakula cha mwenzake.

Njia ya kukipata ilitokea kwenye programu.

Kobe alikuwa anapanga kurasa kwa programu ya zamani, tuliyoiita Bi Mkubwa. Bi Mkubwa ni mama wa watu. Hana makuu, hakasiriki, lakini kila kitu umfanyie kwa mkono. Ongeza aya moja ukurasa wa tatu, basi maneno yaliyozidi yanajificha chini ya fremu, kimya, kama mtoto aliyevunja kikombe. Inabidi uyafuate mwenyewe, uyakate, uyabandike ukurasa wa nne, halafu ya ukurasa wa nne uyahamishie wa tano, mpaka kitabu kiishe au wewe uishe. Kwenye kompyuta ya chooni mimi nilikuwa nimeweka programu mpya, ya kujaribu bure kwa mwezi mmoja. Huyo ndiye Bi Mdogo. Kwa Bi Mdogo ukiongeza aya, maneno yanasogeana yenyewe, kama watu walio kwenye benchi akija mgeni: kila mmoja anajivuta kidogo na hakuna anayeanguka.

Na kama wake wenza wengine, hawakusalimiana. Faili la mmoja mwenzake hakulifungua. Siku moja mteja alikuja kurekebisha jina la bwana harusi kwenye kadi, Kobe akiwa ametoka. Ilibidi bwana harusi aendelee kuitwa jina la mtu mwingine mpaka Kobe aliporudi.

"Mimi siwezi kuwa mume wa wawili," Shangazi alisema asubuhi moja, mikono kiunoni. "Huo mwezi wa bure unakwisha kesho. Nitanunua programu moja, iwe kwenye kompyuta zote, tukae kwa amani."

"Chukua Bi Mdogo," nikamwambia. "Bi Mkubwa tumshukuru, tumpeleke akapumzike."

"Akapumzike nani?" Kobe hakugeuka hata kidogo. "Hicho kiprogramu chako kina mwezi mmoja duniani. Hata meno hakijaota."

"Lakini kinakimbia. Cha kwako kinatambaa."

"Kinatambaa na kinafika. Wewe unakimbia, ukifika umesahau ulitumwa nini."

"AMEKUPATA!" Fundi alinguruma kutoka chumba cha nyuma.

Shangazi akaweka flashi juu ya kaunta. "Sitaki maneno. Hii ni kazi ya wauguzi wa hospitali. Mkunga wao anastaafu, wanamwandalia kijitabu cha maisha yake, kurasa kumi na sita. Wanataka kumshtukiza nacho kwenye sherehe, kwa hiyo ni siri. Pangeni wote wawili, kila mtu na programu yake, maandishi yaleyale na picha zilezile. Atakayetangulia kunipa kijitabu ninachoweza kumkabidhi mteja bila kuona haya, programu yake nanunua, na kiti cha dirishani ni chake."

Moyo wangu uliruka sarakasi.

"Na anayeshindwa?" Kobe aliuliza, safari hii amegeuka.

"Anakunja."

Kobe aliitazama meza ya kukunjia kama mtu anayeonyeshwa chumba cha kupanga kisicho na dirisha.

Tukaanza. Yaani, mimi nilianza. Kobe alikaa, akavuta kiti, akaanza kusoma. Kusoma! Mtu yuko kwenye mashindano, anasoma! Mara akacheka, mara akajifuta macho kwa kiganja.

"Redio, sikiliza hii. Siku yake ya kwanza kazini alizimia yeye, mama mzazi ndiye akamshikilia!"

"Usinisimulie, napanga."

"Na huu mwanya wake, jamani, angalia anavyocheka kwenye kila picha."

"Kobe, mimi sina muda wa meno ya watu."

Kwangu mimi maandishi ni maji na fremu ni ndoo. Unamimina, ikijaa unakinga nyingine. Picha ni miraba, na miraba haina majina. Nilimimina. Kufikia saa ya chai kurasa zote zilikuwa na nguo mwilini, Kobe ndiyo kwanza anatafuta herufi ya vichwa vya habari.

Kisha simu ya Shangazi ikalia. Wauguzi walikuwa wamekumbuka kisa kimoja cha utotoni na wamepata picha yake, je, inawezekana kiingie ukurasa wa nne?

"Inawezekana sana!" nikajibu kwa sauti ya mwenye mali.

Kobe, ambaye wakati huo amejikongoja hadi ukurasa wa tisa, aliweka paji la uso juu ya kibodi. Mimi nilidondosha kisa ukurasa wa nne, nikadondosha picha, nikapunguza nyingine mbili, na maneno yakasogeana mpaka mwisho, kurasa zikabaki kumi na sita. Nilipiga mluzi. Kobe alirudi ukurasa wa nne kama mtu aliyefika kazini akakumbuka ameacha jiko linawaka.

"Pole," nilimwambia. "Ukichoka kuhamisha maneno, njoo nikufundishe kukunja. Siri ni kutumia kidole gumba."

"Cheka tu. Chereko chereko na mwenye mwana."

"Mwana ni huyu hapa," nikamjibu, "amevaa, amepakwa mafuta!"

Shangazi alipita nyuma yangu, akatazama kioo cha kompyuta, akaguna. Kwa Shangazi, kuguna ni tuzo.

Ilibaki hatua ya mwisho, na hapa inabidi nieleze kidogo. Kijitabu cha kukunja hakichapwi kwa mfuatano wa kusoma. Chukua karatasi, ikunje, andika namba za kurasa, halafu ifungue: utakuta wa kwanza umelala ubavuni mwa wa kumi na sita, wa pili na wa kumi na tano, hivyohivyo mpaka katikati. Kwa hiyo pale kwetu, kabla ya kuchapa, lazima uzihamishe kurasa uzipange hivyo, mbili mbili. Ndiyo sheria ya kwanza unayofundishwa kwenye meza ya kukunjia, na mimi ningeweza kuifanya nikiwa usingizini. Niliifanya nikiwa macho, kwa madaha: kumi na sita, moja, mbili, kumi na tano, kumi na nne, tatu. Nilipomaliza, Bi Mdogo akaniuliza kwa upole, kwenye kijisanduku chake, kama ningependa kuchapa kama kijitabu. Nani asiyependa? Nikatia alama ya vema, nikabonyeza.

"FUNDI!" nikaita. "Mzigo huo!"

"NIMEUPATA!"

Mashine ikaanza kuimba. Nikajimiminia chai, nikakaa juu ya ukingo wa meza ya kukunjia kama mtu anayeiaga.

Ndipo akaingia mama mmoja wa makamo yaliyosogea, mkoba mkononi, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina karatasi ya kutoa kopi, lakini sina haraka. Naweza kukaa?"

"Kaa, mama, jisikie nyumbani."

Akakaa kwenye benchi, ambalo limesukumwa mpaka linagusana na meza yangu, maana chumba chenyewe ndicho hicho. Kobe hakumwona, alikuwa ametupa mgongo, amezama ukurasa wa kumi na moja, anasukuma maneno.

"Mnatengeneza nini leo?" mama akauliza.

"Kijitabu cha maisha ya mkunga mmoja anayestaafu. Mimi ndiye niliyekipanga."

"Aa. Kizuri?"

"Mama, akikishika atatamani azaliwe upya. Ila ni siri. Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu," alisema. "Na mbele mmeweka picha gani?"

"Ya ujanani, ana kofia."

"Afadhali," akasema mama, akashusha pumzi, akaegemea ukuta kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake anaendelea vizuri.

Fundi akaleta karatasi, bado zina joto. Nikazipanga, nikazikunja, nikapitisha rula juu ya mkunjo, nikapiga pini mbili. Kijitabu kilikaa kiganjani kama mkate. Nikakigeuza nionje uzuri wa jalada.

Jalada lilisema: "Kwaheri, na asanteni kwa yote."

Nikafungua. Jalada lilikuwa ndani. Nikafunua tena, nikaona mikunjo ya uso, keki, na maneno "siku yangu ya mwisho kazini." Nikafunua tena. "Nilizaliwa mwaka wa mvua nyingi."

Hapo rula ikaniponyoka. Nikainama chini ya meza kuitafuta, na nikakaa huko kidogo. Rula ni kitu kigumu sana kukiona.

Nilipotoka, Shangazi alikuwa ameshakishika kijitabu. Miwani ipo puani. Akaanza kusoma kwa sauti, kama alivyozoea kukagua kazi.

"'Kwaheri, na asanteni kwa yote.' Mh. Haya. Jalada. Salamu za wauguzi. 'Nimestaafu nikiwa na afya njema.' Ukurasa unaofuata, 'Wajukuu zangu ni furaha yangu.' Vizuri." Akafunua. "'Nilizaliwa...'"

Akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele.

"Redio. Huyu amepata wajukuu, ndipo akazaliwa?"

Kwa mara ya kwanza tangu nipewe jina hilo, Redio haikuwa na betri.

"Amezaliwa, ameanza shule," Shangazi aliendelea, sauti imeanza kumtetemeka, "hapohapo amepewa tuzo ya utumishi uliotukuka. Darasa la kwanza! Halafu anawafundisha wakunga wadogo. Akishawafundisha, anakwenda kusomea ukunga!"

"ALITANGULIZA SHUKRANI!" Fundi alikuwa amesimama mlangoni, wino mpaka kwenye viwiko.

"Amekuwa mkuu wa wodi," Shangazi alisoma, machozi yanamtoka, "kisha... kisha akaolewa!" Akashindwa. Akaegemea kaunta, mabega yanaruka. Sijawahi kumwona shangazi yangu akicheka namna ile. Nilifikiri nikimbilie maji.

Kobe akaja, akachukua kijitabu, akakipitisha kwa kidole. Hakuhitaji muda. Nitasema ukweli, inaniuma, lakini hakuhitaji muda.

"Amezipanga kurasa kwa mkono, kama tunavyofanya kwa Bi Mkubwa. Halafu akamwambia Bi Mdogo azipange tena. Chai imeshatiwa sukari, yeye katia mara ya pili."

Akaenda kwenye kompyuta yangu, akasoma kile kijisanduku chote, kila neno, mtu wa ajabu, akaondoa ile alama moja, akabonyeza. Nyuma kule mashine ikaanza kuimba wimbo mwingine.

Wakati huo tulisikia kicheko kingine, kisicho cha yeyote kati yetu. Yule mama wa benchini alikuwa amejishika mbavu, mkoba umeanguka, miwani imeangukia mgongoni.

"Nipeni nione," alisema. "Nipeni, tafadhali, nisije nikafa kabla sijastaafu."

Kobe akageuka kumpa, mkono ukagandia hewani.

"Mama Mkunga!"

"Nani?" nikauliza.

"Wewe Redio, huoni? Mwanya ule!"

Nikatazama. Mwanya ulikuwepo, wazi, katikati ya kicheko. Nilikuwa nimeuweka kwa mikono yangu ukurasa wa kumi na tano, wa kumi na nne, wa kumi na tatu, mkubwa kama ukucha, na sikuwahi kuonana nao.

"Samahanini," alisema yule mama, akijaribu kukaa kwa heshima. "Wauguzi wangu wana mengi mazuri, lakini hawajui kunong'ona. Nilisikia kuna kijitabu. Nikasema nije niangalie tu kama hawajaweka mbele ile picha niliyofumba macho."

Akasoma kuanzia kwaheri. Kila alipofunua alipiga paja. Alipofika pale anapoolewa baada ya kuwa mkuu wa wodi, alisema, "Angalau safari hii nimeolewa nikiwa na cheo." Akageuza nyuma ya kijitabu. Kwa kuwa kurasa zilikuwa zimevurugika, mahali pa kwaheri palikuwa na picha ya katikati: yeye, mikono miwili, mtoto aliyetoka kuzaliwa. Akaiangalia muda kidogo.

"Hiki nakitaka," akasema. "Wageni wapeni kile kilichonyooka. Mimi nipeni hiki. Hata mimi mwenyewe sijawahi kuyakumbuka maisha yangu yakiwa yamepanga foleni."

Shangazi alishajifuta macho, na biashara imeshamrudia usoni.

"Haya, nimeona niliyotaka kuona. Kwa kasi, Bi Mdogo hana mpinzani. Nitamnunua." Akaweka mkono juu ya kile kiti cha dirishani, akakizungusha kidogo. "Sasa, kiti..."

Alikuwa anamtazama Kobe. Na mimi nilikuwa natazama kiti. Wasomaji wangu, kuna kukosea na kuna kubuni, na tofauti yao ni nani amewahi kufungua mdomo.

"Shangazi, ngoja," nikasema. "Nilikuwa nasubiri muelewe wenyewe, lakini basi niseme. Ile nilifanya makusudi."

"Makusudi?"

"Makusudi kabisa. Kila mtu anaanza na kuzaliwa. Hayo ya kawaida. Mimi nikajiuliza, mkunga ni nani? Ni mtu ambaye kazi yake inaishia pale wengine wanapoanzia. Kwa hiyo nikamalizia na mtoto. Ndiyo maana nilikaa kimya mlipokuwa mnacheka. Ubunifu hautetewi, unaachwa ujitetee. Na mteja mwenyewe si huyo hapo, amekipenda?"

Nilishangaa mwenyewe. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilianza kuikumbuka ikitokea.

"KUMBE!" Fundi alisema. "NA MIMI NILIDHANI KACHEMKA!"

Kobe alikunja uso, lakini niliona ameyumba. Shangazi akaniangalia, akaangalia kijitabu, akaangalia picha ya nyuma. Mkono wake ukakisukuma kiti kidogo, kikaja upande wangu, magurudumu yakilia kwa sauti tamu.

"Kila ukurasa uliufikiria?"

"Mmoja mmoja, Shangazi. Kwa utulivu."

"Mwanangu," alisema Mama Mkunga kutoka kwenye benchi, na alikuwa ameshavaa miwani yake, "usinifanye nimkosee shangazi yako kwa kunyamaza. Ulipozama chini ya meza, ulisema, 'Ee Mungu, nitoe hapa, sitabonyeza tena kitu bila kusoma.' Ulisema mara nyingi. Na hicho ulichokikumbatia kwa mikono miwili hakikuwa mguu wa meza. Ulikuwa wangu. Nimeshikwa hivyo na wanawake wengi katika kazi yangu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia baadaye kwamba alikuwa anafanya ubunifu."